Nyumba ya Wakohozi

Tulifika Kawangware miaka michache baada ya uhuru, mimi na mume wangu, tukitokea magharibi kama wengi wa rika letu. Yeye alikuwa fundi seremala, mimi nilikuwa na cherehani ya mkono niliyopewa na mama yangu. Tulipata chumba upande wa mtaa ulioitwa Kongo, nyumba ya udongo yenye paa la makopo yaliyokunjuliwa na kupigiliwa misumari. Mvua ikinyesha hamwezi kusikizana, mnatazamana tu mpaka ipite.

Diwani wetu wakati huo alikuwa mwenyeji wa pale. Shamba la baba yake lilianzia barabarani likateremka hadi mtoni, na yeye alikuwa amefundisha shule ya msingi kabla ya kuingia siasa. Mara ya kwanza kumwona alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda, akiwaeleza watu habari za maji. Hakupiga kelele. Alikuwa na tabia ya kumchagua mtu mmoja katika umati na kuongea naye kana kwamba wako wawili tu jikoni. Siku ile alinichagua mimi. "Wewe mama uliyebeba mtoto," alisema, "maji ya kumwosha huyo umeyatoa wapi leo?" Nikasema mtoni. "Na juu yako kule mtoni, nani alikuwa anaoga?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa swali lilikuwa la kweli.

Bomba aliloahidi lilikuja. Sitaki kumnyima hilo. Wakati wa kura nyingine nilimshonea vitambaa vya kichwa vya kina mama waliomchezea ngoma, nikampigia kura kwa moyo wote.

Baada ya hapo alibadilika jinsi watu wanavyobadilika, kidogo kidogo, mpaka siku moja unagundua humfahamu. Alianza kwa kununua gari. Kisha wakatokea vijana wa kumfungulia mlango wa hilo gari. Ukimwita mwalimu, kama tulivyozoea, mmoja wa vijana hao alikurekebisha: sema Mheshimiwa. Kijana aliyembebea kipaza sauti alikuwa mkali kuliko wote. Ninamtaja kwa sababu tutakutana naye tena, akiwa mtu mkubwa.

Tetesi zilianza kwamba ardhi tuliyojengea, ile ya karibu na barabara, inatakiwa. Mwenye ploti wetu alisema hajui lolote. Kisha, asubuhi moja ya msimu wa mvua, wanaume wengi wakiwa wameshaenda kazini, askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, walikuja na tingatinga. Walitupa nafasi ya kutoa vitu. Nilitoa mtoto, cherehani na godoro, kwa mpangilio huo, na niliporudi kuchukua sufuria ukuta wa mbele ulikuwa umeshalala chini. Udongo uliolowa hauanguki kwa kishindo. Unakaa chini polepole kama mtu aliyechoka.

Tulilala barazani pa kanisa moja, familia nyingi pamoja, tukitenganishwa na mashuka. Binti yetu, ndiye aliyekuwa wa kwanza na wa pekee, alikuwa ameanza kuongea vizuri, anajua kuomba chai na kukataa uji. Alishikwa na kichomi. Tulimpeleka hospitali akiwa amechelewa, au sisi tulikuwa tumechelewa, daktari hakueleza. Hatukuweza kumsafirisha nyumbani. Tulimzika makaburi ya mji, mahali ambapo mvua ilikuwa imejaza shimo, na mume wangu akaingia ndani na ndoo kuchota maji kabla hawajamteremsha.

Nilimtafuta diwani. Ofisini niliambiwa hayupo, nikaenda tena, hayupo. Mwishowe nilimsubiri langoni kwake. Gari lilipofika nilisimama mbele, dereva akalazimika kukanyaga breki. Diwani aliteremsha kioo.

"Mama, nimesikia mliumia," alisema. "Amri ilitoka juu. Mimi nilijaribu."

"Ulijaribu vipi?"

Alipandisha kioo, na yule kijana wa kipaza sauti akashuka upande wa pili akanisogeza pembeni kwa mkono. Habari za mtoto sikupata nafasi ya kuzitaja.

Tulihamia Kibera, upande wa Soweto, tukaanza upya. Nilijaliwa wavulana wawili. Nilishona sare za shule na mapazia, mume wangu alitengeneza vitanda na kabati, na kwa miaka mingi Kawangware ilikuwa mahali nisipopita hata kama ndiyo njia fupi.

Habari zake zilinifikia tu kama zinavyomfikia kila mtu. Alisema neno katika mkutano wa chama ambalo halikuwapendeza wakubwa. Wengine walisema aliuliza swali kuhusu ardhi, wengine walisema alikataa kupiga makofi. Kura iliyofuata alishindwa, na aliyemshinda alikuwa yule aliyembebea kipaza sauti. Hakunyamaza, akaendelea kuongea, na ndipo wakaja kumchukua. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, mashamba mengi yalikuwa yameuzwa, mke amefariki, na wanawe hawataki kuonekana naye. Jirani yangu aliyekuwa amemwona alisema amekonda kama mwiko na anakohoa. Mimi nilikuwa napiga pasi. Niliendelea kupiga pasi. Sikufurahi, lakini siwezi kusema nilisikitika.

Kisha mume wangu akaanza kukohoa.

Tulisema ni vumbi la mbao. Kila seremala hukohoa. Alipoanza kulowesha shati kwa jasho usiku tulisema ni malaria, na alipotema damu kwenye kitambaa hatukusema kitu. Kliniki walimpima wakasema ni kifua kikuu, kinatibika, lakini lazima achomwe sindano kila siku kwa muda mrefu, kisha ameze vidonge kwa muda mrefu zaidi, bila kuruka hata siku moja. Nesi aliyetuhudumia, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alirudia neno hilo: bila kuruka.

Siku hizo ugonjwa huo ulikuwa aibu na hofu pamoja. Majirani waliacha kutuazima vikombe. Mteja mmoja alirudisha sare za watoto wake zikiwa hazijavaliwa. Mwenye nyumba alikuja asubuhi na mapema, akasimama mbali, karibu na mtaro.

"Fundi, mimi sina ubaya na wewe," alimwambia mume wangu. "Lakini sitaki kifua kwenye ploti yangu. Wapangaji wengine watahama."

"Niende wapi na nyinyi wote mnasema hivyo?"

"Hilo mimi sijui. Mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

Nilikwenda kumlilia nesi. Alifunga mlango akaniambia kuna mtu Kawangware amefungua nyumba yake kwa wagonjwa waliofukuzwa. Wanalala hapo, wanakula, na asubuhi wanapelekwa kliniki kuchomwa. Watu wanaiita Nyumba ya Wakohozi. Nikauliza ni mtu gani. Aliponiambia, nilisimama nikaaga.

Nyumbani nilimweleza mume wangu nikitegemea akatae. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, mabega yake yametokeza kama henga za nguo.

"Nataka kupona," alisema. "Kama nyumba ni yake, basi ni yake."

Tulikwenda kwa miguu tukipumzika kila mara. Ile nyumba niliikumbuka, nyumba ya mawe nyuma ya lango ambalo nilisukumwa pembeni yake. Lango sasa lilikuwa limeng'olewa. Vyumba vyote vilikuwa na vitanda, na madirisha yalikuwa yamepanuliwa kwa nyundo na kuachwa bila vioo, kwa kuwa nesi alisema wagonjwa wanahitaji hewa. Mzee mmoja mwembamba aliyevaa gambuti alikuwa anavuka uani amebeba makopo ya makohozi kwenda kuyachoma. Sikumtambua mpaka alipoongea. Sauti haikuwa imekonda.

"Karibuni. Ni nani mgonjwa?"

"Ni huyu, Mheshimiwa," nilisema, na nililisema neno hilo kwa ubaya.

"Hakuna mheshimiwa hapa. Mnatoka wapi?"

"Kibera. Kabla ya hapo, Kongo."

"Kongo sehemu gani?"

"Pale palipobomolewa."

Aliweka makopo chini. Nilidhani atasema kitu, na nilikuwa nimejiandaa. Alimwangalia mume wangu aliyekuwa ameshikilia mti wa uani asianguke. "Mwingize ndani," alisema. "Hapa nje kuna baridi."

Wanangu niliwaacha kwa dada mmoja wa kanisa karibu na mtaa wa Ayany, na mimi nikawa mtu wa kwenda na kurudi. Nilishona mashuka kwa magunia ya unga, nilifua, nilipika uji. Hivyo nilimwona kwa karibu, na sitamfanya mtakatifu. Alikuwa mgumu. Mgonjwa akiruka sindano kwa sababu ya pombe, alimkaripia mbele ya wote mpaka mtu mzima akalia. Bado alipenda kusikilizwa. Asubuhi kabla ya uji alisimama na kuhutubia wagonjwa kumi na kadhaa wasio na nguvu ya kukimbia, kuhusu usafi, kuhusu serikali, kuhusu bei ya sukari. Mume wangu alisema hiyo ndiyo sehemu chungu ya dawa.

Lakini pia nilimwona akimwosha msichana mmoja aliyekuwa hawezi kuinuka tena, akimgeuza kwa upole, macho yakitazama ukuta ili asimwaibishe. Hakuwa na glavu. Nilimuuliza kama haogopi.

"Nilishaupata ndani," alisema. "Tulikuwa tumelala wengi, tumebanana. Aliyekuwa karibu nami alikohoa wiki nzima, nikamtukana wiki nzima kwa sababu hanipi usingizi. Asubuhi moja walileta uji, nikamgusa aamke, hakuamka. Nikanywa uji wake." Alikamua kitambaa akaendelea kumpangusa msichana. Hakulirudia jambo hilo tena, wala mimi sikuliuliza.

Kura zilipokaribia mambo yaliharibika. Diwani mpya hakuamini kwamba mtu anaweza kulisha wagonjwa bila kutafuta kura zao. Vijana wa chama walianza kusimama pale lango lilipokuwa, wakiuliza wageni wanafuata nini. Kisha chifu wa eneo alikuja mwenyewe, akakubali chai lakini hakuinywa. Nilikuwa jikoni, na dirisha lile halikuwa na kioo.

"Wanasema nyumba hii ni hatari kwa afya," chifu alisema. "Wanaweza kuifunga kesho."

"Wagonjwa waende wapi?"

"Mzee, wewe unajua vizuri shida si wagonjwa. Njoo kwenye baraza. Simama mbele ya watu useme hutaki kiti tena maisha yako yote. Useme ulikosea chama. Na useme zile nyumba za Kongo ni wewe ulizibomoa, maana kuna watu bado wanasema ulikuwa diwani mzuri. Ukisema hayo, mtaachwa."

Jioni mzee alikuja akaketi kwenye ngazi ya jikoni nilipokuwa nachambua mchele. Mume wangu alikuwa amefika katikati ya sindano zake, ameanza kushika mwili, ameanza hata kunung'unikia chumvi. Kama nyumba ingefungwa, nilijua hesabu yake ingekuwaje.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Wewe ungesema?"

"Sijui," nilimjibu. "Mimi nataka tu kujua kama ni kweli."

Alivua gambuti moja, akaitikisa, akaivaa tena. "Basi utasikia kesho na wengine."

Baraza lilikuwa kwenye uwanja wa shule, jua likiwa kali. Diwani mpya aliketi kivulini kwenye kiti cha mbao, amevaa suti, na kina mama wakamchezea. Mzee aliitwa mbele. Hakupewa kipaza sauti. Alivua kofia, akasema hatatafuta kiti tena, akasema alikosea chama, na sauti yake ilifika mpaka nyuma kama zamani. Watu wakapiga makofi ya kuamriwa.

"Na Kongo?" diwani aliuliza bila kuinuka.

"Nyumba za Kongo," mzee alisema, "nilizoea kuwaambia watu amri ilitoka juu. Haikutoka juu. Niliiomba mimi. Kulikuwa na mtu mkubwa aliyetaka ile ardhi, na nilitaka anifahamu. Nilikwenda kwake mwenyewe, kabla hajaniita. Siku ya kubomoa nilikuwa nyumbani, nimefunga mapazia."

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine. Ganda la chungwa lilirushwa likampiga begani. Diwani alisema hiyo imetosha, sasa aimbe na vijana wimbo wa chama. Akasimama kati yao, mzee aliyeachiwa na ugonjwa pafu moja tu, akaimba na kupiga makofi. Katikati ya ubeti kikohozi kilimshika akainama, na vijana hawakuacha kuimba. Waliendelea juu yake mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa nimesimama na kina mama.

Tulirudi njia moja. Alitembea polepole, nami sikutaka kumtangulia wala kuandamana naye, mwishowe nikawa kando yake.

"Yale ya Kongo," nilisema, "ni ya chifu au ni yako?"

"Chifu alitaka niseme nilibomoa. Hakutaka niseme niliomba. Hilo hakulijua. Hakuna aliyekuwa analijua."

Ndipo nilipomwambia habari za binti yangu. Nilimweleza yote, kulala barazani pa kanisa, hospitali, maji kwenye shimo. Nilieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. Alisimama barabarani, mikokoteni ikitupita.

"Ulikuja langoni kuniambia hilo," alisema.

"Ndiyo."

Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, jua likimpiga kichwani. Baada ya muda nikasema twende, wagonjwa hawajala.

Walituacha mpaka kura zikapita. Mume wangu alimaliza sindano zake zote, akaanza vidonge, akarudi Kibera kwenye chumba kingine kwa mwenye nyumba asiyejua habari zetu. Aliyembebea kipaza sauti alishinda bila taabu. Muda si mrefu baadaye watu wa afya walifika asubuhi na lori, wakatoa wagonjwa, wakaweka magodoro kwenye nyasi, wakafunga mlango kwa kufuli. Nilikuwapo. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa. Waliuliza kwa adabu kila mtu ana ndugu wapi. Yule msichana aliyekuwa akioshwa alichukuliwa na kaka yake, akafa juma hilohilo jikoni kwa huyo kaka, karibu na makaa.

Mzee alihamia kibanda cha nyuma alikokuwa akikaa mlinzi zamani. Nesi alimpitishia vidonge, naye akawa anawafuata wagonjwa waliotawanyika, Kawangware na Kibera, kwa miguu, na mfuko wa kitambaa niliomshonea. Alikuja kwetu pia. Aligonga, akaketi mlangoni, akasubiri mpaka mume wangu ameze mbele yake, kisha akaondoka. Wavulana wangu walimwita babu wa vidonge. Mara nyingine nilimpa chai, mara nyingine sikuweza, na hakuonyesha kutofautisha siku hizo mbili.

Ugonjwa wake ulirudi. Safari hii dawa hazikushika. Nesi alisema hilo hutokea kwa mtu aliyetibiwa vibaya mwanzoni, na ndani hawakumtibu vizuri. Alifariki katika wadi ya hospitali ya serikali, kitanda cha mwisho karibu na mlango. Nilikuwa nimempelekea supu siku moja kabla, na alikunywa kidogo kunifurahisha.

Mazishi yalifanywa shambani kwao, kwenye kipande kilichobaki. Wanawe walikuja na magari. Diwani naye alikuja na watu wake, akapewa nafasi ya kuongea, akaongea muda mrefu. Alimwita marehemu mlezi wake na mwalimu wake. Alisema Nyumba ya Wakohozi ilikuwa fahari ya mtaa wote, na kwamba yeye binafsi aliitetea. Waliokuwa wamelala mle ndani, wale waliobaki hai, walikuwa wamesimama nyuma pamoja nasi, na hakuna aliyefungua mdomo. Miezi haikupita mingi wanawe wakaigawa nyumba vyumba vya kupangisha.

Tulipotoka mazishini mume wangu alichoka kabla hatujafika Ngong Road. Kifua chake hakikurudi kuwa kizima. Kazi ya vitanda alikuwa ameiacha, anatengeneza viti vidogo vya jikoni tu. Tuliketi kando ya barabara kwenye jiwe, yeye akivuta pumzi, mimi nikimshikia koti.

"Aliniponya," alisema.

"Najua."

"Na mtoto wetu?"

"Najua hilo pia."

Aliniangalia akingoja niendelee. Manyunyu yakaanza, nikamvisha koti, nikamwinua kwa kiwiko, tukashika njia ya Kibera.